Supamaketi au kwa Ami: pesa ya matumizi uipeleke wapi?

Tarehe 30 mshahara ukiingia, mtaa wetu hapa Bamburi, Mombasa, hugawanyika njia mbili. Kuna wanaopanda matatu hadi supamaketi na kurudi na tuktuk iliyojaa mifuko mpaka pa kuweka miguu hapana. Kuna wanaovuka barabara tu hadi kwa Ami, duka dogo la mtaani, wakalipa deni la mwezi unaokwisha, na papo hapo ukurasa mpya wa daftari ukafunguliwa. Mimi nimepitia njia zote mbili. Nilipoolewa nilikuwa mtu wa supamaketi kabisa, maana mume wangu alikuwa na mshahara wa mwezi na mimi niliona haya kukopa chumvi. Kazi yake ilipokatika mwaka 2020 nikawa mtu wa daftari. Sasa kipato kimerudi, lakini sikurudi nilikotoka. Nagawa.

Naandika haya kwa sababu watu wakibishana wapi kuna nafuu, hubishana kwa bei ya kitu kimoja: sukari huku kiasi hiki, kule kiasi kile. Bei ni mwanzo wa hesabu. Mimi hujiuliza kwanza nina shilingi ngapi mkononi leo, na zimebaki siku ngapi hadi pesa nyingine iingie. Ukiyajua hayo mawili, pa kwenda utapaona.

Nikisema supamaketi nakusudia zile kubwa zenye matawi mengi na mabango ya ofa: Naivas, Quickmart, Carrefour na wenzao. Kwa Ami ni duka lolote dogo la mtaani. Huku pwani mengi yalifunguliwa na watu wa asili ya Hadhramaut, huko Yemen, ndiyo maana mteja humwita mwenye duka "Ami" hata kama hawana udugu wowote. Dar es Salaam wangesema kwa Mangi.

Nafuu ya wakubwa inatoka wapi

Supamaketi yenye matawi mengi huagiza mafuta ya kupikia kwa malori, moja kwa moja kutoka kiwandani. Hupewa bei ya mtu anayenunua kwa wingi, halafu hulipa baadaye. Mwenye kiwanda hushusha mzigo leo na kungoja malipo mwezi mzima, miwili, au zaidi. Mafuta yameshauzwa, yameshapikiwa, yameshaliwa, na mwenye mali bado anangoja pesa yake. Juu ya hayo huombwa punguzo la mwisho wa mwaka na mchango wa kutangaza ofa. Kwa hivyo ile bei iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, mara nyingi sehemu yake imetoka mfukoni mwa mtengenezaji.

Mambo haya yamefika mbele ya vyombo vya serikali. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea wauzaji wawili wanaoiletea bidhaa, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kampuni ilikata rufaa. Simkatazi mtu kwenda huko. Mimi mwenyewe naenda. Ila ni vizuri kujua kwamba bei ya chini ina mtu aliyeibeba.

Ami hana nguvu hiyo. Unga hununua kwa belo, pakiti 12 za kilo 2, kwenye duka la jumla, na hulipa papo hapo. Kisha humlipa wa mkokoteni au wa tuktuk. Akiongeza shilingi nyingi mteja atavuka kwa jirani, kwa hivyo faida yake kwa pakiti moja ni shilingi chache tu. Ndiyo maana kwa bidhaa nyingi zilizofungwa kiwandani tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkate wa gramu 400 na maziwa ya pakiti hukaribiana sana, mara nyingine bei ni ileile. Unga nimeona tofauti ya shilingi 5 hadi 15. Pengo hupanuka kwenye vitu vya kukaa na vya ujazo mkubwa: mafuta ya lita 5 au 10, sabuni ya unga ya kilo kadhaa, tishu za bando, nepi za pakiti kubwa.

Sasa weka nauli. Kutoka kwangu, kwenda ni shilingi 50. Kurudi na mzigo siwezi kupanda matatu, nachukua tuktuk kwa 200. Hiyo ni 250 kabla sijanunua hata kiberiti. Kama naokoa shilingi 10 kwa kila kitu, lazima nibebe vitu 25 ndipo nauli irudi. Faida inaanza kwenye kitu cha 26. Anayekwenda supamaketi kwa pakiti mbili za unga na sukari kilo moja amejilipisha mwenyewe.

Na ukiingia ndani, mpangilio wote umefanywa ili utoke na zaidi ya ulichokijia. Mkate uko nyuma kabisa, upite rafu zote kuufikia. Peremende ziko kwa keshia, kimo cha mtoto aliyeshikwa mkono. Bei inaishia 99 ili jicho lione mia ya chini. Nilipoanza kuhifadhi risiti niligundua kwamba mwezi mmoja nilikwenda na orodha ya vitu 11 nikatoka na 19, na vile vinane vya ziada vilikula yote niliyookoa kwenye vile 11. Tangu siku hiyo siendi na watoto, siendi na njaa.

Jambo jingine ni bei ya rafuni na bei ya kwa keshia. Imewahi kunitokea, katika supamaketi moja ambayo sitaitaja, kwamba mafuta yaliandikwa bei ya ofa rafuni na mashine ikasoma bei ya kawaida. Niligundua nikiwa tayari nyumbani. Siku hizi nasoma risiti nikiwa bado mbele ya keshia, na nikiona tofauti nasema kwa adabu lakini sisogei. Hurekebishwa. Usipouliza hakuna atakayekukumbusha.

Ya ishirini, ya thelathini

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla supamaketi haijafikiria kufungua mlango, simama mbele ya dirisha la Ami usikilize. Mtoto wa miaka minane amefumbata noti ya mia, imekunjwa mpaka imekuwa kama tembe.

"Ami, mama amesema umpe mafuta ya thelathini, sukari ya ishirini, majani ya chai ya kumi, na hamira."

"Hamira kiasi gani?"

"Ya mahamri ya leo."

Na Ami anajua. Anajua nyumba ile ina watu wangapi na hupika unga kiasi gani. Hamira inapimwa kwa kijiko, inakunjwa kwenye kipande cha karatasi kama hirizi. Mafuta yanamiminwa kwenye chupa aliyokuja nayo mtoto. Sukari inaingia kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Ami hakutaka kesi. Iliki anahesabu punje kumi mkononi. Sabuni ya mche imelala kaunta na kisu kando yake. Utakatiwa kipande cha kufulia nguo za leo tu.

Kwa hesabu ya kilo, kununua hivi ni ghali. Nilipopima yangu mwezi jana, sukari ya pakiti supamaketi ilikuwa 150 kwa kilo. Kwa Ami kilo nzima ilikuwa 160, na robo ilikuwa 45. Robo nne ni 180. Nyumba inayotumia kilo sita kwa mwezi na kununua robo robo inatoa shilingi 180 zaidi ya ile inayonunua pakiti supamaketi. Nepi ni hivyo hivyo: kwa Ami unauziwa moja moja, na ukizidisha kwa pakiti nzima utashtuka.

Lakini mwenye kusema wanunuao hivi hawajui hesabu, hajawahi kuishi kwa kibarua. Baba wa yule mtoto hulipwa jioni, siku aliyopata kazi. Akiwa na shilingi 300 na akatoa 150 kwa kilo ya sukari, amepata sukari ya nafuu na nyumba haina mafuta. Nilipokuwa katika hali hiyo nilijua vizuri kabisa kwamba robo inaniumiza. Nilinunua robo kwa sababu chakula cha usiku kinahitaji vitu sita kwa pamoja, na pesa niliyokuwa nayo iligawika kwa Ami peke yake. Supamaketi haina kipimo cha shilingi ishirini.

Tahadhari moja. Mizani ya dukani inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na idara ya vipimo, na si kila mizani ina muhuri wa karibuni. Kuna duka, si la Ami wetu, lililokuwa likinipimia mchele pamoja na karatasi nzito ya khaki. Nilipima nyumbani kwa mizani ya jirani anayeoka keki nikakuta upungufu. Sikugombana, nilihama. Ukitaka kujaribu, nunua kitu kinachojulikana uzito wake, kwa mfano pakiti ya chumvi ya nusu kilo, na mwombe aiweke juu ya mizani uone inasema nini. Muuza duka mwaminifu hatakasirika.

Daftari

Hapa ndipo supamaketi haina jibu. Keshia hawezi kukuandika. Ukiwa mkavu utatumia Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ambayo tangu ilipokuja mwaka 2019 imeokoa watu wengi, na ambayo inatoza ada kila siku deni linapolala. Daftari la Ami halitozi kitu. Ami wetu ni mtu wa msikitini na riba haigusi. Ulichukua vitu vya 1,340, utalipa 1,340, iwe wiki hii au mwezi ujao.

Miezi saba ya mwaka 2020 nyumba yangu ilisimama juu ya daftari lile. Sitasahau. Ami hakuniuliza mume wangu atapata kazi lini. Aliniambia tu, "Dada, chukua cha watoto, kingine tutaongea." Tulipoanza kulipa tulilipa kidogo kidogo, na kila nilipompa mia tano alikata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu mbele yangu, nione.

Hata hivyo daftari lina ubaya wake, na lazima niuseme. Ukiwa na deni huwezi kwenda kununua kwingine kwa raha; utapita mbele ya duka na mfuko wa supamaketi na macho yatakuwa chini. Huwezi kulalamikia bei. Vitu vidogo vidogo hukua bila kuonekana: soda ya mgeni, kadi ya simu, biskuti za mtoto aliyesema "mama amesema niandikiwe" na mama hakusema. Kila Jumamosi pitia daftari pamoja na Ami, ukurasa kwa ukurasa, na uwe na nakala yako. Si kwamba humwamini. Mkono wa kuandika usiku ukiwa na wateja watano dirishani hukosea.

Na mkumbuke naye. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kuna watu huhama nyumba usiku na deni la miezi mitatu, na pesa hiyo ndiyo ilikuwa ya kununulia belo. Duka dogo likifa mtaani petu, mara nyingi limekufa kwa daftari.

Nani atakuwepo mwakani

Zamani niliamini kwamba kikubwa hakianguki. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa jina la kila nyumba. Nakumatt ilianzia Nakuru na biashara ya magodoro, jina lenyewe linasema hivyo, ikafika Uganda, Rwanda na Tanzania, na hapa Mombasa ilikuwa na matawi Nyali na Likoni. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kukauka kwa sababu wauzaji hawakulipwa, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Tuskys, supamaketi nyingine kubwa, ikafuata njia hiyo hiyo. Wote walikuwa wakiuza leo na kulipa kesho. Kesho ilipokawia, wenye kupeleka mali waliacha kupeleka.

Aliyeumia zaidi ni yule mtengenezaji mdogo wa maziwa ya mtindi au wa achari aliyekuwa akidai na hakupata. Kwa mnunuzi funzo ni dogo lakini la maana: pointi za kadi na vocha za zawadi zitumie mapema, usizilimbikize kama akiba ya benki.

Tena ukubwa na udogo si kabila mbili. Naivas yenyewe ilianza mwaka 1990 kama duka dogo huko Rongai, kaunti ya Nakuru. Na zamani zaidi, Allidina Visram, ambaye shule ya sekondari hapa Mombasa ina jina lake, alianzia biashara Bagamoyo akafikisha maduka yake hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Watoto wengi wa maduka walijifunza kazi kwa watu kama hao.

Kuna wakati mmoja ambapo mdogo huumia hata bila kosa. Julai 2022 serikali ilitangaza unga wa mahindi wa kilo 2 ushuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Supamaketi nyingi ziliishiwa, na zilizokuwa nao zikaweka kikomo kwa kila mteja. Ami alikuwa na belo alizonunua kwa bei ya zamani. Watu walimfokea kana kwamba amekataa agizo la rais, naye angeuza kwa mia angekuwa ametoa pesa yake mfukoni. Kukiwa na ruzuku, wahi supamaketi. Mzigo huanzia kwa wakubwa.

Mchele, viungo, na vingine

Kwa mchele sitingishiki: kwa Ami. Magunia yako wazi. Unachota kiganjani, unanusa, unatafuna punje mbili kujua kama ni mpya au umekaa ghalani. Unamwambia unapika nini. Ukisema pilau atakupa wa Pakistani wenye punje ndefu usiovimba ovyo. Ukisema wali wa nazi wa kila siku atakuonyesha wa Tanzania, na atakuambia gunia hili lina chenga nyingi kuliko la wiki jana. Pakiti ya supamaketi imefungwa, picha yake ni nzuri, na utajua ulichonunua maji yakishachemka. Viungo pia. Bizari, mdalasini, pilipili manga, vyote kwa Ami vinatoka haraka na harufu yake iko hai, na unanunua vya sufuria moja. Ramadhani tende zake hazina mshindani.

Kwa vyombo vya umeme, pasi, birika, feni, nenda supamaketi na utunze risiti, kwa sababu ya dhamana. Mtungi wa gesi ulinganishe, bei hutofautiana wiki hadi wiki. Mboga na matunda usinunue kwa yeyote kati ya hao wawili: nenda soko la Kongowea alfajiri, au kwa mama mboga wako.

Tarehe za mwisho wa matumizi ziangalie kote. Supamaketi hupenda kuweka ofa kwenye kinachokaribia kuisha muda, na hilo si baya kama utakitumia wiki hii. Kwa Ami angalia kilichopangwa dirishani, kinachopigwa na jua la saa nane.

Mimi nafanya hivi

Mwanzo wa mwezi nakwenda supamaketi mara moja, siku ya kazi asubuhi, na orodha: mafuta lita 10, sukari kilo 6, sabuni ya unga, tishu, dawa ya meno, nepi za mdogo. Vitu visivyooza na visivyoshawishi mtoto kuvimaliza. Kama wewe na jirani mnaweza kuchanga tuktuk moja, nauli inagawika na faida inaanza mapema. Wakati mwingine hata supamaketi naiacha. Tunachanga wanawake watatu tunanunua belo la unga duka la jumla na kugawana pakiti nne nne, na bei hiyo hakuna ofa iliyowahi kuishinda.

Vilivyobaki vyote ni kwa Ami: mkate, maziwa, mchele, viungo, hamira, mishumaa stima ikipotea saa tatu usiku. Nalipa taslimu kila ninapoweza, na daftari naliweka kwa siku ya dharura, likiwa safi.

Kama huna mshahara wa mwezi, usijilaumu kwa kununua ya ishirini. Anza na kitu kimoja tu. Siku uliyopata kazi nzuri, nunua sukari kilo nzima hapo hapo kwa Ami badala ya robo. Ile ishirini uliyookoa iongeze kwenye mafuta wiki inayofuata. Mimi nilitoka hivyo, kitu kimoja kimoja, kama miezi mitano.

Jumatatu iliyopita nilirudi na mzigo wa mwezi. Tuktuk ikasimama mbele ya duka, na mimi nina noti ya elfu moja tu. Dereva hana chenji, na pesa ya M-Pesa niliimaliza kwa keshia. Ami aliona kutoka dirishani. Akafungua droo, akampa dereva mia mbili, akamwita mpwa wake aje anisaidie kushusha ile mifuko yote yenye jina la supamaketi. Kisha akavuta daftari, akaandika: tuktuk, 200.

"Dada," akasema, "mkate wa kesho nikuwekee mmoja au miwili?"